Mjohoro wa Gereji ya Simoni

Mimi sina subira na mche unaojidekeza. Ukinyauka eti kwa sababu nimechelewa kuumwagilia nusu siku, naung'oa, nautupa kwenye mboji na kuotesha mwingine. Wateja wangu hapa Mabwerebwere wananijua. Akija mtu kununua mti wa kivuli, akaanza kuniuliza kama utakufa, namwambia ukifa umeuua wewe. Miaka kumi na moja nina kitalu hiki Kilosa, na hakuna aliyewahi kunirudishia mche.

Kwa mdomo huu huu nilimlea mwanangu Boniface, na habari yangu ni hiyo.

Boniface ni mtoto wangu wa pekee. Ana miaka thelathini na mitatu, mrefu kama baba yake, mpole, mzito wa kusema. Ukimuuliza jambo, anaweza kujaza viriba vitatu kabla hajakujibu. Viriba ni vile vifuko vyeusi vya nailoni tunavyooteshea miche. Yeye ndiye anayevijaza vyote, na sijaona mtu wa kumfikia: udongo wake haulegei wala haukandamizwi, mche unakaa umetulia. Lakini kusoma hajui. Alikaa shuleni miaka saba akatoka anajua kuandika jina lake tu, na hilo nalo akiwa na haraka anaruka herufi.

Mwaka huu akapata mchumba. Anaitwa Paulina, binti wa Mvumi, anauza mboga sokoni na anaongea kwa niaba ya wote wawili. Alipoletwa kwangu rasmi alikuwa na mimba ya miezi minne. Sikusema kitu, maana mimi mwenyewe nilisimama mbele ya mchungaji nikiwa na ya mitano, gauni limeachiwa mishono yote. Nikachinja kuku, tukala. Nilipokuwa nawamwagia maji ya kunawa, Boniface akasema, "Mama, ndoa ikipita tutahamia Mikumi. Kwenye kiwanja cha baba. Nataka mtoto wangu acheze chini ya ule mjohoro, kama mimi."

Kwa Boniface hiyo ni hotuba. Nilifurahi mpaka nikaingia jikoni kujifanya natafuta chumvi, kumbe najifuta machozi.

Niseme ukweli, Mikumi ya wakati ule naipenda hadi leo. Nilishuka kutoka Vidunda, mlimani, nikiwa binti wa miaka ishirini na mbili. Kwetu ni baridi, ukungu, maharage na kengele ya kanisa. Mikumi ilikuwa joto na malori. Mume wangu Simoni alikuwa fundi betri, na gereji yake ilikuwa kando ya barabara kuu, karibu na pale madereva wa Zambia walipokuwa wakipumzika. Wote walimjua kwa jina. Betri zilizochoka alizichaji. Zilizokufa alizipasua kwa shoka, akamwaga yale maji yake makali nyuma ya banda, akatoa mabamba ya risasi yaliyomo ndani. Sisemi risasi ya bunduki, nasema ile metali nzito ya kijivu. Aliiyeyusha kwenye karai juu ya mkaa, akaimimina katika vishimo vya mchanga, na ikiganda inakuwa chubwi, vile vipande vizito ambavyo wavuvi wa Kilombero hufunga kwenye nyavu ili zizame.

Simoni aliimba sauti ya nne kwenye kwaya, na mazoezi yake alifanyia palepale kwenye karai. Jioni mimi nakaanga mihogo, yeye anamimina chubwi na kuimba, moshi unatupitia wote, tunacheka. Hata leo nikipita mahali nikasikia harufu ya betri iliyofunguliwa, nasimama, namkumbuka mume wangu. Nilikuwa na furaha pale. Yaliyojulikana baadaye hayawezi kunifanya niseme sikuwa nayo.

Sasa, sisi watu wa milimani hatujengi mahali bila kuuliza mti. Baba yangu, mzee Makarius, ndivyo alivyonifundisha. Ukipata kiwanja kipya, panda mti, ngoja masika mawili. Ukinawiri, ardhi imekukubali, leta watoto. Ukigeuka wa njano, funga virago. Simoni alikuwa mtu wa mjini, akanicheka. Nikapanda mitatu mbele ya gereji: mwembe, mpera na mjohoro. Mwembe haukumaliza mwezi. Mpera ulijikaza mpaka vuli, ukawa wa njano, ukafa. Mjohoro ukasimama. Masika ya pili ulikuwa umenipita kimo, majani yanang'aa, nikamwambia Simoni, umeona? Kati ya mashahidi watatu nikamsikiliza yule aliyesema nilichotaka kusikia.

Boniface alikuwa ametimiza mwaka. Mpaka siku ile nilikuwa nambeba mgongoni mchana kutwa, maana ardhi ilikuwa haijajibu. Nilipoona mti umestawi nikatandika mkeka chini yake, nikafungua kanga, nikamshusha mtoto chini.

Pale ndipo alipokulia. Hakukaa kwenye mkeka, mtoto gani anakaa kwenye mkeka? Alitambaa kwenye vumbi la kijivu, akalichezea, akalila, na mimi nikamwambia Simoni kwamba kila mtoto anakula udongo. Baba yake akamtengenezea ng'ombe kumi na wawili wa risasi, wadogo kama kidole gumba, wenye nundu na pembe, kwa mfano wa ng'ombe wa jirani yetu Lemomo. Boniface alilala nao. Akiota meno aliwatafuna. Simoni alikuwa akimtazama vile akisema huyu atakuwa mfugaji tajiri, tukacheka mpaka basi.

Lemomo ndiye peke yake aliyetuambia. Alikuwa mfugaji, boma lake liko upande wa tambarare, na siku moja ndama wake wawili walipita nyuma ya banda letu wakalamba mabamba. Kesho yake wakawa wanazunguka kama vipofu, kisha wakafa. Simoni alimwomba radhi sana. Lemomo hakugomba. Alisimama pale na fimbo yake, akaniambia mimi, "Mama Boni, kiwanja hiki kina kitu."

Nikamjibu, "Kingekuwa na kitu, mti huu ungenawiri?"

Akauangalia mjohoro kwa muda. Naye ni mtu anayeheshimu mti. Akaenda zake, na tangu siku ile ng'ombe wake akawapitisha njia nyingine. Nilijiona nimemshinda.

Boniface alianza kusema akiwa na miaka minne. Majirani wakasema wa kiume huchelewa. Akaenda shule, darasa la kwanza mara mbili, la pili mara mbili. Mwalimu akaniita, akaniambia mama, mtoto wako hana shida yoyote, ni mvivu, na samaki mkunje angali mbichi. Basi mimi nikamkunja. Nilivunja fito za mjohoro uleule, jioni, baada ya chakula. Mbili mara mbili. Jioni ameijua, asubuhi imepotea. Nilikuwa namwambia, mvivu wewe, baba yako anajiunguza mikono kwa ajili yako, wewe unakaa kama gunia. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa ananitazama kana kwamba anasubiri nimalize ili anisaidie kuokota fito.

Simoni hakuwahi kumpiga. Mwishoni hata nguvu za kupiga hakuwa nazo. Tumbo lilimkata miaka, kichwa kikamuuma, halafu viganja vikaanza kulegea, ananyosha mkono kiganja kinaning'inia. Kwaya wakamfanyia maombi. Majirani wakasema kuna mtu ana wivu na gereji yake. Hospitali wakasema figo. Tulimzika, nikafunga banda, nikachukua mbegu za mjohoro wangu kwenye pindo la kanga, nikahamia Kilosa na mwanangu, nikaanza kitalu. Hiyo ndiyo miche ninayouza. Kila unapoona mjohoro Mabwerebwere, mama yake yuko Mikumi.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, akaingia kitaluni msichana mmoja amevaa buti, mgongoni ana begi kubwa. Akainama, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka miche mingapi?"

"Sitaki miche, mama. Natafuta mwenye mjohoro wa Mikumi, ule wa kwenye gereji ya zamani."

Alikuwa anaitwa Debora, anasomea misitu Morogoro. Utafiti wake ulikuwa wa udongo kwenye viwanja vya gereji kuukuu kando ya barabara, na mti gani unaweza kuishi pale. Akaniambia amepima viwanja tisa, na changu kimevizidi vyote kwa risasi. "Hata nyasi hazioti, mama. Halafu katikati kuna mjohoro mkubwa, una maua. Mti wako umeninyima usingizi."

Mimi nikavimba kichwa. Nikamwambia mti ule nimeupanda mimi, kwa mkono wangu, na mbegu zake ndizo hizi. Akaomba ruhusa ya kuchukua mbegu na kipande cha mzizi, nami nikasema sitoi ruhusa kwa mdomo, twende wote. Nilitaka kuuona. Nikamwachia Boniface kazi ya kumwagilia, nikapanda gari la Debora, tukapita kijiji cha Ulaya mpaka Mikumi.

Banda limebaki nguzo mbili. Barabara imekuwa na kelele kuliko zamani, na pale tulipokuwa tunakaanga mihogo kuna mtu anauza maji baridi. Lakini mti, jamani. Umekuwa mkubwa, maua ya manjano yamejaa juu, na chini kivuli kilekile. Nikasimama pale nikamsikia Simoni. Sisemi mzimu, nasema sauti ya nne, ile ya chini kabisa inayofanya kifua kitetemeke. Nikamwonyesha Debora: hapa karai, hapa mkeka, hapa mwanangu. Akawa anatikisa kichwa kwa heshima, huku anachimba.

Alikata kipande cha mzizi, akakifunga kwenye mfuko, akaandika. Swali langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa la biashara. Nikamuuliza kama miche yangu ina sumu.

"Hapana mama, kwenye mbegu hakuna cha kukutisha, na udongo wako wa Kilosa ni mwingine," akasema. "Usiwe na wasiwasi na miche."

"Sasa huu wenyewe unaishije?"

Akafurahi kuulizwa. Akakaa juu ya visigino, akauchokonoa udongo kwa kisu. "Mti hauiruhusu risasi ipande ovyo. Sehemu kubwa unaifungia hukuhuku chini, kwenye mizizi. Inanasa kwenye kuta za mizizi, haitoki. Kuna na ukungu mdogo, wa jamii ya uyoga, unaoishi kwenye mizizi, nao unasaidia kuishika. Ile kidogo inayoponyoka ikapanda, mti unaisukuma kwenye majani yaliyozeeka, halafu unayaangusha."

"Unaitema."

"Unaitema kwa namna yake. Na usidhani hauumii, mama. Unatumia nguvu nyingi kwa kazi hiyo. Kwenye udongo safi ungekuwa mkubwa kuliko hivi."

Nikamwambia kuhusu mwembe na mpera. Akasema hivyo ndivyo inavyokuwa, miche mingi ingekufa, na huu pengine ulizaliwa na uvumilivu wake. Kwa hiyo anataka mbegu, kuna sehemu wanatafuta miti ya kupanda ili ishike sumu isisambae. Akaniambia nisiukate kamwe, na mtu asichome mkaa wake.

Nikauliza, kwa kuuliza tu, "Na mtu?"

"Mtu mzima inamharibu figo. Tumbo linamkata. Mishipa ya mikono inakufa, viganja vinalegea."

Nilikuwa nimesimama. Nikashika shina la mti. "Na mtoto?"

Debora aliendelea kuandika kidogo, akainua uso. "Mtoto mdogo hana pa kuifungia, mama. Mwili wake unadhani ni ile kalsiamu ya kujengea mifupa, unaipokea kwa mikono miwili. Inafika mpaka kwenye ubongo. Unamwona anakua vizuri, anakula, anacheka. Lakini anachelewa kusema. Shuleni anashindwa kushika. Wazazi wanadhani ni tabia."

Akaangalia pale nilipomwonyesha mkeka. Uso ukambadilika. "Mama, mtoto wako alicheza hapa muda gani?"

"Nani kakuambia naulizia mtoto wangu?" nikamfokea. Nikakaa chini kwenye lile vumbi, halafu nikanyanyuka haraka nikaanza kujikung'uta kanga, nikajikung'uta mpaka Debora akanishika mikono.

"Siwezi kusema kwa hakika kuhusu mtu mmoja," akasema polepole. "Ni miaka mingi, na hakuna vipimo vya wakati ule."

Sikuhitaji hakika yake. Nilikuwa na ndama wawili, viganja vya Simoni, na ng'ombe kumi na wawili wenye alama za meno. Nikamuuliza jambo moja tu lililobaki, kama mjukuu atarithi.

"Hilo si la kurithi, ni la udongo. Ila asilelewe hapa. Hata mama yake asije kukaa hapa na mimba, maana inapita mpaka tumboni."

Njia nzima ya kurudi Kilosa nilikuwa nahesabu miezi. Wazee wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuwa na miezi mitano tumboni mwa Paulina.

Nilikaa siku tatu na lile jambo. Kuwazuia ilikuwa rahisi, mimi ndiye mama, kiwanja kiko kwa jina langu. Kilichonishinda ni sababu. Nikisema kiwanja kina sumu, ataniuliza imetoka wapi, na Boniface hana mtu anayempenda duniani kama baba yake. Nikisema inawadhuru watoto, ataniuliza na mimi je? Na nikishajibu hilo, nitakuwa nimemwambia kwamba kila fimbo niliyomchapa nilimchapa mgonjwa. Nikaomba kanisani nipate njia ya katikati. Sikupewa.

Wakati huo mwanangu anakusanya nguzo. Ameshanunua kumi na nne, amezilaza nyuma ya kitalu, kila jioni anazigeuza zikauke sawasawa. Paulina anapita na kapu lake la mboga ananiuliza, mama, huko Mikumi wanapenda matembele au mnafu?

Basi siku ya nne asubuhi nikatunga uongo. Nikamfuata Boniface kwenye rundo la udongo, nikamwambia, "Mwanangu, kile kiwanja cha Mikumi kimeingia kwenye hifadhi ya barabara. Wameweka alama ya X. Hakijengeki tena."

Akajaza kiriba. Akajaza cha pili. Nikajua uongo umepita.

"Kiko kirefu," akasema. "Nitajenga nyuma. Barabara haifiki kule."

Nyuma ndiko Simoni alikokuwa anamwaga maji ya betri. Nikamwona akilini Paulina amekaa pale na tumbo lake, anachambua mboga, na mtoto mwingine ameshushwa kwenye vumbi lilelile, na bibi yake anajua. Uongo ukanikauka mdomoni.

Nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia, uso kwa uso naye. Nikamwambia acha kujaza. Hajawahi kuniona namwambia mtu aache kazi, akaacha.

Nikamwambia yote. Risasi, karai, vumbi, mwembe na mpera niliopuuza, Lemomo niliyemnyamazisha. Nikamwambia mti una mizizi ya kufungia sumu na majani ya kuitupa, na yeye alikuwa na mwaka mmoja, hakuwa na pa kuiweka, ikampanda kichwani. Kwamba ndiyo maana alichelewa kusema, ndiyo maana mbili mara mbili haikukaa. Kwamba baba yake hakujua, ilimuua na yeye. Kwamba mimi nilimchapa miaka saba kwa kosa ambalo nililifanya mimi siku niliyomfungua kanga nikamweka chini. Sikujitetea. Mimi ninayejua kujibu kila mtu, nilifika mwisho nikakosa hata neno la kuombea msamaha, nikakaa tu kwenye ndoo.

Boniface akachukua kiriba. Akajaza, akapiga chini kidogo kikae sawa, akakipanga. Akachukua kingine. Nikaviangalia vidole vyake. Cha tatu. Cha nne. Hajawahi kufika cha nne.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu," akasema.

"Hukuwa mvivu."

"Nilikuwa najitahidi."

"Najua, baba."

"Hukujua," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa ananisahihisha, kama ninavyomsahihisha mteja anayetaja mti vibaya. "Nilikuwa najitahidi sana. Nikilala nilikuwa nazirudia zile hesabu, asubuhi nazikuta hazipo. Nikadhani kila mtu zinapotea, ila wenzangu wanajua kuzitafuta."

Nikaanza kulia. Silii mbele ya watu, lakini nililia, kanga mdomoni. Yeye akaningoja.

"Na mtoto?" akauliza. "Atakuwa kama mimi?"

"Hapana. Si ya damu, ni ya udongo. Nimemuuliza yule dada. Msipoenda kukaa pale, hili halitamfika."

Hapo ndipo nilipomwona mwanangu anavunjika. Alikuwa amesikia yote yale, kuhusu yeye, kuhusu baba yake, kuhusu mimi, uso wake mkavu. Sasa mabega yakaanza kutetemeka, udongo ukamtoka mkononi. Akaniambia tangu Paulina amwambie kuhusu mimba hajalala usiku hata mmoja akamaliza. Alikuwa anaogopa mtoto atatoka na kichwa chake. Alikuwa anaogopa kumwambia Paulina, asije akaondoka. Mikumi alitaka kwenda ili mtoto, hata kama atakuwa mjinga, awe na pale chini ya mti, kabla ya shule, maana pale yeye hakuwa mjinga bado.

Miaka thelathini na mitatu nimekaa na mtu huyu nyumba moja. Nilidhani kimya chake kilikuwa kimya cha mtu asiye na kitu cha kusema.

Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. "Twende sokoni."

"Kufanya nini?"

"Kwa Paulina. Ukamwambie."

"Mwambie wewe, mwanangu, ni mkeo."

"Mimi nitakosea," akasema. "Nitaanza katikati, au nitasahau ile ya mizizi. Mwambie wewe, kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Tukaenda. Sokoni palikuwa pamejaa, siku ya gulio, na Paulina alikuwa anabishana na mteja kuhusu fungu la mchicha. Alipotuona wawili tumeongozana, mimi macho mekundu, akamwachia yule mteja fungu lake. Akatutengea gunia la kukalia. Mimi nikakaa, Boniface akabaki amesimama nyuma ya mchumba wake, mikono kwenye mabega yake.

Nikamwambia, mbele ya meza za watu, wengine wakisikia. Sikupunguza. Nilipofika kwenye fito, Paulina alinitazama kwa jicho ambalo nilistahili, na sikulikwepa. Nilipofika kwenye mtoto wake, akaweka mkono tumboni, akapumua.

Nilipomaliza, Boniface aliinama karibu na sikio langu.

"Rudia ile ya kwamba sikuwa mvivu," akasema. "Sema kwa sauti."

Nikasimama, nikarudia.